Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na TAMISEMI: Daftari la kaka yangu halina neno "sigara"

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri unayesimamia TAMISEMI, na ninyi waganga wakuu wa mikoa na wilaya, nawasalimu kwa heshima zote. Naandika kuomba ushauri nasaha kwa wavutaji wa sigara na kwa wenye uzito uliopitiliza.

Mbele yangu kuna daftari. Ni daftari la shule, lile tunalonunua dukani tukiwa njiani kwenda zahanati, na jalada lake limeshikizwa kwa plasta kwa sababu limechoka. Ni la kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na katika miaka minne ya mwisho ya kazi yake alikwenda kutibiwa mara 14, kwenye vituo vitatu tofauti. Nimezihesabu. Kikohozi mara tano. Malaria kapimwa mara nne, tatu kati ya hizo hana. Mgongo mara mbili. Presha imeandikwa mara sita: ilianza 148/92, ikaja 150/95, ikafika 160/100, na pembeni ya hiyo ya mwisho mtu ameandika "apunguze chumvi". Uzito umeandikwa mara mbili, kilo 88 na baadaye kilo 93, na hakuna aliyezitazama namba hizo mbili kwa pamoja.

Neno "sigara" halimo. Kaka alianza kuvuta akiwa na miaka 18. Kwa siku alikuwa anamaliza kama 15, na safari ya usiku zaidi ya hapo. Akiingia chumbani kwako unajua kabla hajaketi: harufu iko kwenye shati, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimegeuka rangi. Mtu alimshika mkono huo huo akamfunga kipimo cha presha, mara sita, na hakumwuliza.

Mwaka jana mwezi wa nane, akiwa na miaka 56, alipata kiharusi. Mkono wa vidole vile ndio uliopooza.

Naandika nikiwa muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimalizia kwenye chumba cha ushauri nasaha wa Ukimwi, enzi ambazo mtu aliingia pale akitetemeka akatoka akiwa hajui aende nyumbani au baharini. Kwa hiyo sikukaa kuandika ili niwashtaki vijana waliomtibu kaka. Ni watoto wangu wa kazi. Naijua foleni ya Jumatatu, naijua meza yenye tabibu mmoja na watu 80 kwenye benchi, najua jinsi mgonjwa anavyoanza kusimulia la pili na wewe jicho liko mlangoni. Ninachosema ni kwamba hakuna mahali katika utaratibu wetu pa kazi panapomlazimisha kijana yule aulize. Angemsahau mjamzito kumpima damu, kadi ingemkumbusha. Kwa mvutaji wa sigara na kwa mtu mzima mwenye uzito uliopitiliza, hana cha kumkumbusha.

Najua jibu linalokuja haraka: kila mtu anajua sigara ni mbaya, imeandikwa kwenye pakiti. Ni kweli. Kaka yangu alijua miaka yote 38. Hata Ukimwi, kufikia mwaka 2000, nchi nzima ilijua unavyoambukiza. Wimbo ulikuwepo, bango lilikuwepo, na watu waliendelea kufa wakijua. Kilichobadilisha mambo ni pale tulipoacha kuhesabu kujua kuwa ni dawa. Tulifungua vyumba. Tukafundisha wanasihi, yaani watoa ushauri nasaha, tena wengine hawakuwa wauguzi kabisa. Vibao vya Angaza, vile vituo vya kupima virusi kwa hiari, vikaonekana mijini. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete akapima hadharani pale Mnazi Mmoja, na wiki zilizofuata sisi tuliokuwa ndani ya vyumba vile tulishuhudia wanaume wakija wenyewe, jambo ambalo hatukulizoea. Baadaye wakaja wataalamu rika, watu wanaoishi na virusi, wakawa wanakaa na mgonjwa mpya kwenye benchi la CTC, kliniki ya matibabu ya virusi, na kumweleza jinsi wao walivyovuka mwezi wa kwanza wa dawa.

Yote hayo tunayo bado. Nchi hii inajua kunasihi. Tumekuwa tukiutunza ujuzi huo kwa ugonjwa mmoja, na sasa yapo mengine mawili yanayouhitaji: sigara na uzito uliopitiliza.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya wenye miaka 15 na kuendelea wanatumia tumbaku, yaani watu kama milioni 2.6, wanaume wakiwa asilimia 14.6. Upande wa uzito, tafiti zetu za afya ya kaya zinasema mwaka 2004/05 wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18. Ilipofika 2015/16 wakawa asilimia 28. Kwa wale walio mijini hamhitaji utafiti, kaeni tu nusu saa kwenye kituo cha mwendokasi. Nami ni mmoja wa hao wenye uzito uliozidi, na ninajua jinsi ngazi za daraja la waenda kwa miguu zilivyo ndefu siku hizi.

Niruhusuni nieleze ushauri nasaha wa mvutaji ulivyo, kwa sababu naona hata wakubwa wengi wanadhani ni kumwambia mtu "acha". Kukemea ni kazi rahisi na haizai kitu. Nilipokaa na kaka yangu baada ya kiharusi, swali langu la kwanza lilikuwa: ukiamka, sigara ya kwanza unaivuta baada ya muda gani? Akasema, kabla sijashusha mguu wa pili kitandani. Jibu hilo linatosha kumwambia mnasihi kazi ni kubwa kiasi gani, maana anayevuta ndani ya dakika tano za kuamka mwili wake umefungwa zaidi na nikotini, kile kilevi cha tumbaku, kuliko yule anayesubiri hadi saa nne asubuhi. Swali la pili: umewahi kuacha? Aliwahi, mara mbili. Mara zote alirudi siku ya tatu au ya nne. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile siku za mwanzo ndizo kali kuliko zote, kwamba kichwa kuuma, hasira, kukosa usingizi na njaa ya ajabu ni arosto ya nikotini, yaani mwili unaidai, na kwamba ndani ya wiki chache hupungua. Yeye aliamini amezaliwa dhaifu. Miaka yote 38 alidhani tatizo ni yeye.

Tukachagua siku. Tukaondoa viberiti ndani, hata kile cha jikoni shemeji akakihamishia kwa jirani. Tukaandika saa ambazo hamu inamshika: baada ya chai, akiwa chooni, na rafiki zake wa kijiweni wanapopita jioni. Nikamwambia hamu ikija itapanda kisha itashuka, dakika chache tu, ashike kitu mkononi, anywe maji, atafune tangawizi. Nikampigia simu kila jioni kwa siku saba za kwanza, kwa sababu wengi wanaorudi, hurudi ndani ya siku hizo. Yote hayo, ukiondoa simu, hayakuzidi dakika 40. Na kwa mtu ambaye hayuko kwenye hali yake, hata dakika tatu zingekuwa na faida.

Dakika tatu sizitoi kichwani. Mwaka 1979 daktari Michael Russell na wenzake wa London walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya na madaktari wa kawaida wa mitaani. Mvutaji aliyekuja kwa shida yake nyingine aliambiwa kwa dakika moja au mbili aache, akapewa kipeperushi, akaambiwa ataulizwa tena. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha ni asilimia 5.1. Kwa wale ambao hawakuambiwa kitu, asilimia 0.3. Mtu anaweza kuona watano kati ya mia ni wachache. Hebu tuwahesabu. Vituo vyetu vikiwauliza wavutaji nusu milioni tu kwa mwaka na tukafika kiwango hicho, ni watu 25,000. Hakuna hospitali ya rufaa inayoweza kuokoa watu idadi hiyo kwa maneno na karatasi.

Wala wazee wasiambiwe wamechelewa. Richard Doll alifuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa anayeacha akiwa na miaka 60 anajiongezea wastani wa miaka mitatu ya kuishi, akiacha na 50 anapata sita, na 40 anapata tisa. Ningependa kila muuguzi wa zamu azijue namba hizo kama anavyojua vipimo vya presha. Mzee anayesema "mimi nimeshazeeka nayo" ajibiwe kwa miaka, siyo kwa mahubiri.

Sasa uzito, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo tunapoumiza watu zaidi.

Jirani yangu ni mama ntilie, ana watoto wanne. Anazo kadi zake zote za kliniki, ile namba 4 ya mjamzito, amezifunga pamoja kwa lastiki. Nimezisoma. Kila hudhurio alipanda mzani, kila hudhurio namba ikaandikwa. Mtoto wa mwisho alipozaliwa, mzani ukamhamia mtoto, na mama akaachwa. Ilipita miaka tisa bila mtu kumpima. Alikuja kurudi kituoni kwa kidonda cha mguu kisichopona, na pale, mbele ya benchi lote, akaambiwa: "Mama wewe bonge sana, punguza mwili." Watu wakacheka. Kidonda kikafungwa, akaondoka, na hakurudi tena hadi sukari ya damu ilipopanda hadi 14 akaletwa na wanawe akiwa hajitambui vizuri.

Katikati hapo alinunua chai za kuondoa kitambi zinazouzwa kwa WhatsApp, akaharisha mwezi mzima. Ndiyo ushauri pekee aliopata mtaani, na aliulipia.

Anayetaka kumsaidia mama huyu lazima kwanza akumbuke tulikotoka. Kizazi changu kiliona kukonda kukiwa hukumu. Mtu akipungua, mtaa ulishanong'ona. Mwili ulikuwa ushahidi kwamba uko salama. Hadi leo bibi harusi akinenepa tunasema ndoa imemkubali, na mwanaume akiota kitambi tunasema mambo yake safi. Huwezi kufuta hayo kwa neno "punguza". Mnasihi anaanza kwa kuuliza: nani anapika, mnakula saa ngapi, lita moja ya mafuta inaisha kwa siku ngapi, unakunywa nini ukiwa kazini? Mama yule alikuwa anakunywa soda mbili kila siku, mchana na jioni, kwa kuwa anasimama motoni na soda inampoza. Soda moja ya chupa ya kawaida ina sukari kama vijiko tisa vya chai. Hakujua, na hakuna aliyewahi kukaa naye hadi wafike kwenye soda.

Tulianza na hizo tu. Hatukugusa ugali wala wali. Soda ikawa maji ya ndimu, na jioni anashuka kituo kimoja kabla ya kwake.

Ushahidi upo hapa pia. Marekani, mwaka 2002, yalitoka matokeo ya mradi mkubwa wa kuzuia kisukari kwa watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Kundi moja lilipewa mnasihi: lengo lao kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Yaani mtu wa kilo 90 hahitaji kurudi kwenye kilo za usichana wake. Kilo sita na kidogo zinatosha kubadilisha safari yake. Natamani neno hilo lingemfikia kila anayekata tamaa mbele ya kioo. Ni kweli wale walikaa na wanasihi wao vikao 16, na sisi hatuwezi kuanza na 16. Tuanze na vinne.

Na mambo haya mawili yasitenganishwe. Anayeacha sigara mara nyingi huongezeka kilo nne au tano mwaka wa kwanza, na wapo wanaoirudia sigara kwa sababu ya nguo kubana. Mnasihi mmoja, chumba kimoja, kadi moja.

Ninachowaomba, waheshimiwa, kinaanzia kwenye karatasi. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba kisichoandikwa kwenye MTUHA, vile vitabu vya taarifa za huduma za afya, hakifanyiki, kwa kuwa hakuna atakayekiulizia kwenye kikao cha robo mwaka. Wekeni safu mbili kwenye kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje na kwenye mfumo wa kompyuta: anatumia tumbaku, ndiyo au hapana; na mzingo wa kiuno, sentimita ngapi. Kiuno, kwa sababu mizani yetu mingi ya watu wazima imekufa betri au springi, lakini futi kamba ya fundi cherehani inapatikana kila soko. Mwanaume akivuka sentimita 94, mwanamke akivuka 80, aitwe pembeni. Pembeni, nasisitiza. Kwa faragha ile ile tuliyompa mtu wa virusi.

Halafu wapeni kazi hiyo watu mlio nao. Mwaka 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio wanaoingia majumbani, ndio wanaoona viberiti na madumu ya mafuta. Wafundisheni maswali matano ya mvutaji na matano ya uzito. Kwenye kliniki za kifua kikuu anzeni kesho, maana mvutaji yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu, na mgonjwa yule tayari anakuja kuchukua dawa. Tafuteni walioacha sigara muwafanye wataalamu rika. Dereva atamsikiliza dereva. Namba 199 ipo, ni ya bure, na watu wameizoea: iwe na mtu aliyefundishwa kupokea simu ya saa tatu usiku ya mtu aliye siku ya tatu bila sigara.

Dawa za kusaidia, zile bigijii na plasta za nikotini, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Nilipomtafutia kaka, nilizunguka maduka ya dawa sita nikarudi mikono mitupu. Hakikisheni zinafika angalau kwenye vituo vya afya. Mwaka 2007 tuliridhia mkataba wa kimataifa wa udhibiti wa tumbaku, na ibara yake ya 14 inatutaka tuwasaidie watu kuacha. Tangu 2011 Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, kwa waraibu wa heroini. Kama tuliweza lile, nikotini haitushindi.

Kuhusu fedha, siombi wakulima wa Urambo na Chunya wang'olewe tumbaku yao, hilo lina wenyewe na lina mjadala wake. Naomba sehemu ndogo ya ushuru wa sigara irudi kumhudumia aliyeilipa. Na Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023 iuhesabu ushauri huu kuwa huduma inayolipiwa. Leo bima inalipia wiki za kulazwa kwa kiharusi. Kipindi cha nusu saa na mnasihi, miaka kumi kabla, nacho kiwe na namba yake kwenye fomu.

Na kama ilivyokuwa Mnazi Mmoja, naomba mmoja wenu asimame hadharani afungwe futi kamba kiunoni mbele ya kamera, ataje namba yake, na kama anavuta, aseme.

Kaka yangu yuko wiki ya 11 bila sigara. Ameongezeka kilo nne, na tumeshaanza kuzungumzia hilo. Jumatatu ana kliniki ya presha. Daftari la zamani limejaa, kwa hiyo nimemnunulia jipya, na kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: "Amevuta sigara miaka 38. Ameacha, wiki ya 11. Kiuno sm 104. Tafadhali muulize anaendeleaje." Nimeacha mistari miwili wazi chini yake, kwa ajili ya atakayekuwa zamu.

Wenu katika utumishi,
Muuguzi mstaafu, Temeke